Sebule Ngaramtoni: rangi ya chungu au kijivu? Nimepaka vipande viwili, naombeni macho yenu kabla fundi hajaanza

#1 – Mleta uzi

Habarini za jioni wakuu, hasa nyie wa Arusha na Moshi maana hali ya huku mnaijua wenyewe.

Nyumba yetu iko Ngaramtoni, tumefikia rangi ya ndani. Skimingi (ile ya kulainisha ukuta) imeisha, msasa umepita, andakoti nyeupe, ile rangi ya kutangulia, imepigwa mkono mmoja yaani mpako mmoja, fundi ananisubiri mi tu niseme neno. Na neno ndo sina. Nina rangi mbili zinazovutana na kila nikidhani nimeamua nalala naamka nimebadilika.

Sebule ni mita 5 kwa 4, urefu kwenda juu mita 3. Madirisha ni mawili makubwa, yote yanatazama kusini, na mbele yake kuna baraza yenye paa kama mita mbili hivi. Dari ni jipsamu nyeupe, chini vigae vya krimu, makochi ya kahawia.

Rangi ya kwanza naiita chungu, kwa sababu ndivyo ilivyo, ile nyekundu ya udongo uliochomwa, ina kahawia kwa ndani. Hii ni yangu mimi. Nimelelewa kwa bibi huku Meru kwenye nyumba ya kusiliba, na jioni moto ukiwaka ule ukuta unakuwa kama nao una joto lake, sijawahi kusahau. Rangi ya pili ni kijivu hafifu chenye ubluu kwa mbali, hii ni ya baba watoto. Kaipendea Moshi, Pasua, kwa dada yangu. Tulifika kwake Desemba saa nane mchana, jua kali, tumelowa jasho, tukaingia ndani kwenye kijivu kile kile na kwa kweli ilikuwa kama mtu umekaa chini ya mti. Siwezi kumbishia, nilikuwepo.

Sasa nilichofanya. Vipande vya jipsamu vilivyobaki kwenye dari sikuvitupa, nilimwambia fundi anikatie viwili vya futi mbili kwa mbili, akavipiga skimingi kama ukuta, nikanunua kopo dogo la kila rangi nikapaka mikono miwili kila kipande. Pembeni nimeacha mpaka mweupe. Nimevizungusha kwenye kuta zote siku nne, nikawa naandika.

Saa mbili asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migunga ya jirani: kijivu kinageuka bluu kabisa, kama shati jeupe la sare lililotiwa bluu nyingi kwenye kufua. Kinatia baridi, nilivaa sweta nikaliona halitoshi. Chungu kinanyamaza, kinakuwa kahawia, hakikeri. Saa saba mchana: vyote viko sawa. Saa kumi na mbili jioni: chungu kinaiva jamani, nilisimama tu nikitazama. Saa mbili usiku taa zimewashwa: chungu kimekufa, kimekuwa rangi ya maini yaliyolala, na kijivu ndo kinapendeza, kisafi.

Na sebule sisi tunaitumia zaidi usiku. Ndo nikakwama hapo. Mwenye uzoefu anisaidie.

#2 – Mchangiaji, Njiro

Piga kijivu dada. Nina miaka minne na kijivu, makochi nimebadilisha mara mbili, mapazia mara tatu, ukuta haujagombana na chochote. Rangi nzito inakuchagulia vitu vyote vingine vya ndani, kila unachonunua lazima kwanza uulize ukuta. Kama unajenga kwa kuungaunga kama wengi wetu hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani.

#3 – Fundi rangi, Sakina

Dada hongera, wateja wengi wanachagulia kwenye kile kikaratasi cha katalogi chenye ukubwa wa kidole gumba halafu ukuta ukikamilika wanamlaumu fundi. Wewe umefanya kazi ya maana.

Nikuulize, hizo balbu ni za mwanga gani? Chukua boksi usome. Nina uhakika utakuta 6500K, ndo zimejaa madukani huku, ule mwanga mweupe mkali unaoelekea bluu. Mwanga huo hauna wekundu wa kutosha kuipa rangi ya udongo, ndo maana umeona maini. Nunua moja tu ya 3000K, ile wanayoiita ya njano, weka, kaa na kipande chako dakika kumi macho yazoee, uje utuambie. Usihukumu rangi kwa taa ambayo unaweza kuitoa kesho kwa shilingi elfu chache.

La pili, giza. Kwenye katalogi nzuri kila rangi ina namba ya kurudisha mwanga, 0 ni weusi na 100 ni weupe. Rangi za chungu nyingi zinaangukia 20 hadi 30. Kijivu hafifu kama hicho ni 60 na kitu. Maana yake mwanga ukigonga ukuta wa chungu, robo tu ndo inarudi chumbani, iliyobaki imemezwa na ukuta. Na wewe una baraza mbele ya madirisha, mwanga wenyewe umeshapungua kabla haujaingia. Ukipaka kuta zote nne chungu, Julai utawasha taa saa nne asubuhi, nakuambia kabisa.

La tatu ni kazi yenyewe. Kijivu hafifu kinatengenezwa kwenye beisi nyeupe, yaani rangi ya msingi kabla ya kutiwa tinti, imejaa unga mweupe wa titani, mikono miwili inaziba. Rangi nzito inatengenezwa kwenye beisi isiyo na weupe mwingi, kwa hiyo inaziba polepole. Andaa mikono mitatu. Na usimruhusu fundi achanganye kwa vile vichupa vya tinti kwenye ndoo na mti, mkubalie mashine ya dukani tu, kwa sababu ya kuchanganya kwa mkono ikiisha hakuna binadamu anayeweza kuirudia.

Kiasi: lita moja ya emalsheni (rangi ya maji ya ukutani) kwenye ukuta uliosuguliwa vizuri inaenda mita za mraba 10 mpaka 12 kwa mkono mmoja. Sebule yako mzunguko ni mita 18 mara 3 ni 54, toa madirisha na milango ibaki kama 45. Mikono miwili ni 90. Kwa hiyo lita 9 au 10, usinunue makopo mawili ya lita 4 ukaja kukimbizana na bodaboda jioni.

Na huu ni msimu wa baridi, kati ya mkono na mkono usimsukume fundi. Kopo linaandika masaa manne, hayo ni ya hewa kavu yenye joto. Ngaramtoni mwezi huu acha ilale hadi kesho yake.

#4 – Mchangiaji, Rau Moshi

Naomba niongezee kitu ambacho kilinigharimu. Mimi nilipaka kijivu chumba cha kulala, kijivu kabisa kisicho na kitu kingine ndani yake. Kikakauka kijani. Nikamwita fundi tukagombana sana, mpaka nikamzuilia hela yake ya mwisho. Wiki iliyofuata nikakata migomba iliyokuwa imesongamana dirishani, tena nilikuwa naikata kwa sababu nyingine kabisa, nikaingia ndani nikakuta ukuta umerudi kijivu. Ni jua lilikuwa linapiga majani ndo linaingia ndani likiwa limeshakuwa kijani. Nilimfuata yule fundi nikamlipa na kumuomba radhi, bado najisikia vibaya nikimkumbuka.

Kwa hiyo tazama nje ya hilo dirisha kuna nini. Kama ni bati jekundu la jirani, kama ni udongo mwekundu, kama ni mahindi, vyote hivyo vitaingia sebuleni kwako na rangi zake. Kijivu ndo kinashika haraka zaidi kwa sababu chenyewe hakina msimamo, chungu hakiyumbi sana.

Halafu kuhusu ule ubaridi wa kwa dada yako Pasua. Rangi ya ndani haipoozi nyumba. Kinachopooza ni paa, dari, madirisha yanayopitisha hewa na rangi ya nje. Macho ndo yalipoa. Nakubali macho kupoa ni raha pia, hasa huku kwetu tuko chini, mita 800 na kitu, joto lipo. Ila nyie mko juu sana kuliko sisi, sidhani kama kuna mtu Ngaramtoni anatafuta kupoa mwezi wa saba.

#5 – Mleta uzi

Fundi wa Sakina Mungu akubariki. Nimesoma boksi, ni 6500K zote nane. Leo nimepita mjini nimenunua moja ya 3000K nimeiweka juu ya kipande. Sikuamini, nikamwita na baba watoto. Chungu kimerudi, tena kizuri kuliko ile saa kumi na mbili jioni. Lakini kijivu sasa chini ya taa hiyo hiyo kimekuwa kama maji ya kuoshea mchele, kimechafuka.

Kumbe kila rangi ina taa yake na huwezi kuzipa zote mbili taa moja. Hilo hakuna duka lililowahi kuniambia, nimeenda matatu.

Na wa Rau, pole sana mkuu. Nje kwangu ni nyasi na ua wa michongoma, halafu kipande cha udongo mwekundu ambacho tutaweka pevingi mwakani. Ntazingatia.

#6 – Mwalimu mstaafu, Ilboru

Wanangu nimefuatilia kwa furaha. Mna mambo mawili mmeyagusa bila kuyataja majina.

Kwanza hayo madirisha ya kusini. Vijana wengi mnatazama video za Uingereza na Marekani ambako wanasema chumba cha kaskazini ndo cha baridi na cha kusini ndo chenye jua. Kwao ni kweli, jua lao liko kusini mwaka mzima. Sisi tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, jua letu linahama. Linapita utosini katikati ya Machi, linakwenda kaskazini, Juni ndo limefika mbali kabisa, kisha linarudi na kupita utosini tena mwanzoni mwa Oktoba na kwenda kusini. Kwa hiyo binti, dirisha lako la kusini mwezi huu halipati jua hata tone, linapata mwanga wa mbingu tu ambao asili yake ni bluu, na mawingu ya Meru juu yake. Ndo kijivu chako kikawa bluu. Desemba jua litakuwa upande huo huo wa dirisha na utaona kijivu kingine kabisa. Na kumbuka kwa dada yako mlikwenda Desemba! Mlichokiona Pasua na unachokiona sasa Ngaramtoni vimetengwa na miezi sita ya jua.

Pili, kuwa makini na vipande vyako, usiviegeshe pamoja ukavilinganisha. Kulikuwa na mkemia Mfaransa, Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi kwenye karakana ya mazulia ya Gobelins huko Paris. Walimlalamikia kwamba nyuzi nyeusi zinapauka. Akapima, nyuzi hazina tatizo lolote. Tatizo ni kwamba zikisukwa karibu na bluu na zambarau jicho linaziona dhaifu. Akaandika kitabu kizima kuhusu hilo mwaka 1839. Chungu chako kikikaa ubavuni mwa kijivu kinakifanya kijivu kiwe bluu zaidi, na kijivu kinakifanya chungu kiwe chekundu zaidi. Kila kimoja kikague peke yake, siku yake, kikiwa na weupe pembeni na kipande cha kochi lako karibu.

#7 – Mleta uzi

Shikamoo mwalimu. Ni kweli niliviegesha pamoja siku zote nne, sasa naanza upya. Hilo la Juni na Desemba nimemsomea baba watoto kwa sauti, akanyamaza muda mrefu.

#8 – Mama wa watatu, Moshono

Mnaongelea mwanga, mi naongelea mikono ya watoto. Udongo wetu huku ni mwekundu na vumbi lake ni jembamba, kuanzia sakafu hadi usawa wa kitasa ndo kuna maisha yote. Kijivu hafifu changu kwenye korido kina mstari wa kahawia urefu wote pale wanapopita wakijishikilia, nimeusugua mpaka rangi imeng'aa sehemu moja ikabaki alama mbaya kuliko uchafu. Sababu nilipaka ya mati, ile isiyong'aa. Mati inanyonya, ukiifuta inaacha kiraka. Chumba cha watoto nikapaka ya silki, ile yenye mng'ao kidogo, kitambaa chenye maji ya sabuni kinatosha.

Ila silki nayo inasema ukweli wote wa fundi skimingi. Taa ikiwa ubavuni mwa ukuta utaona kila wimbi na kila alama ya bati lake la kupigia. Na rangi nzito inazidisha. Kwa hiyo dada kabla hujaamua, usiku zima taa zote, chukua tochi ya simu iegeshe ukutani imulike kwa ubavu, utembee nayo taratibu. Ukiona mabonde mrudishe fundi na msasa wakati bado hujalipa.

#9 – Mchangiaji, Njiro

Narudi kukubali, hilo la ubluu asubuhi nalo ninalo, nilidhani ni macho yangu. Ila mi madirisha yangu ya sebule ni magharibi, jua la jioni linaingia lote, labda ndo maana sijawahi kukichukia kijivu.

#10 – Mleta uzi

Wadau nimerudi, ni wiki tatu sasa, samahanini kwa kuchelewa. Niwape yote hata yaliyoharibika.

Tulikaa na vipande siku nyingine nne, kimoja kimoja kama mwalimu alivyosema. Tochi ya simu tulitembeza, mama wa Moshono ulikuwa sahihi, ukuta wa kaskazini ulikuwa na wimbi kubwa kama mgongo karibu na kona, fundi akarudi na wolputi (ile ya kuziba na kusawazisha ukuta) na msasa siku nzima bila kinyongo.

Uamuzi: chungu sebuleni, lakini ukuta mmoja tu, ule wa kaskazini unaotazamana na madirisha. Ndo pekee unaopokea mwanga uso kwa uso, kuta nyingine unazipita kwa ubavu. Zile tatu tumepaka krimu nyepesi isiyo na njano nyingi. Taa zote nane tumetoa tumeweka 3000K. Kijivu hatukukitupa, na hapa nawashukuru nyote, maneno ya wa Njiro ndo yalimaliza ugomvi nyumbani: kimeenda chumba chetu cha kulala ambacho dirisha lake ni magharibi. Huku msimu huu asubuhi ni wingu, jua linatoka mchana, kwa hiyo chumba cha magharibi kinapata jua lote la siku, la manjano, na kijivu kinakaa kijivu, hakina ubluu wowote. Humo tumeacha taa nyeupe. Baba watoto kila akitoka kazini anaingia kwanza kule kutazama.

Kilichoharibika sasa. Ukuta wa chungu ni mita 5 kwa 3, yaani 15, mikono mitatu ni 45. Nilipiga hesabu nikanunua lita 4 nikisema itajikaza. Haikujikaza. Mkono wa tatu rangi iliisha ikiwa imebaki kama hatua mbili kufika kona ya kulia. Nikarudi duka lile lile, namba ile ile, mashine ile ile, kopo jipya. Fundi akamalizia, ikakauka, asubuhi mstari unauona toka mlangoni. Upande mmoja ni chungu, upande mwingine ni chungu kilichochomwa zaidi. Nililia, sio siri, maana ndo ukuta niliousubiri miaka.

Fundi akaniambia tusiguse kile kiraka. Akachukua lile kopo jipya akapiga ukuta wote upya, kona hadi kona, bila kupumzika katikati ili ukingo usikauke. Lita moja na nusu hivi ikaingia. Mstari ukafa wote, kwa sababu sasa ukuta mzima ni wa kopo moja na rangi inabadilika pale kona inapokata, ambapo jicho halina cha kulinganisha.

#11 – Fundi rangi, Sakina

Huyo fundi wako anaijua kazi, mtunze. Kawaida yangu nikiwa na makopo mawili ya rangi moja nayamimina yote kwenye ndoo moja nakoroga kabla ya kuanza, hapo hakuna tofauti tena. Ila kopo la pili likija baadaye hakuna njia zaidi ya hiyo aliyofanya. Hilo jipya lililobaki funga vizuri, gonga mfuniko pande zote, andika chumba na tarehe, usiliweke juani. Kiraka cha mwakani kitatoka humo.

#12 – Mchangiaji, Rau Moshi

Na usiku ikoje dada? Ndo ilikuwa shida yako.

#13 – Mleta uzi

Nakuandikia nikiwa nimekaa hapo hapo mkuu. Saa mbili kasoro, nje ukungu, dirishani hakuonekani kitu. Taa ya juu nimezima, nimeacha ile ya pembeni tu, na ukuta umeiva kuanzia chini kwenda juu, karibu na taa ni chungwa kabisa, juu kwenye dari unaingia kwenye kahawia. Mdogo wangu wa mwisho kalala kwenye kochi, mashavu yake yana rangi. Chini ya zile taa za mwanzo sote tulionekana kama tumeamka na homa.

Vipande vyangu viwili vya jipsamu nimevitunza stoo, nyuma ya kila kimoja nimeandika namba ya rangi na mikono mingapi. Mwenye nyumba inayofika hatua hii Ngaramtoni, Olmotonyi au Kisongo aniandikie pembeni, aje avichukue akavizungushe kwake, ila anirudishie.